Kibaba cha Mfuto na Kibaba cha Tele: Hesabu za Nyumbani katika Visiwa

Sarafu za shaba zilizopigwa Kilwa kwa jina la Ali bin al-Hasan zina jambo ambalo mpenzi wa ushairi hawezi kulipita bila ya kusita. Maneno ya upande mmoja yanamtaja mtawala na baba yake. Maneno ya upande wa pili yanataja tegemeo lake kwa Mola mwenye fadhila. Na pande mbili hizo zinafungwa kwa kina kimoja. Anayeigeuza sarafu mkononi anausoma ubeti. Huko Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, nyingi ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Fedha za ukubwa huo hazikupigwa kwa ajili ya biashara ya merikebu peke yake. Vitu vidogo hununuliwa kwa sarafu ndogo, na anayetumwa kununua vitu vidogo, tangu dunia iwe dunia, ni mtoto.

Lakini mtoto huyo hayumo katika vitabu. Historia ya fedha za pwani imeandikwa kutokana na barua za mabalozi, daftari za forodha na hati za mahakama ya kadhi. Mama aliyemfundisha mwanawe kurudisha baki kamili hakuacha karatasi. Alichoacha ni lugha, na katika lugha hiyo mna habari nyingi kwa anayetaka kuzitafuta.

Tuanze na kibaba. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, na pishi 60 ni jizla. Ngazi hiyo ni ya kuzidisha kwa mbili mpaka kufikia pishi, na mtoto wa jikoni aliijua kabla ya kuijua hesabu kwa jina lake, kwa sababu aliiona ikimiminwa kila siku: kibaba cha mchele kwa watu kadhaa, nyongeza ya nusu kibaba mgeni akipiga hodi. Methali ya haba na haba hujaza kibaba, ambayo siku hizi hutajwa na mabenki na vyama vya akiba, ilitoka katika chombo hicho hicho, na aliyeisikia mara ya kwanza alikuwa na chombo mbele ya macho yake.

Kibaba chenyewe kilikuwa cha namna mbili, na hapa ndipo hesabu ilipoingia katika tabia. Kibaba cha mfuto kilisawazishwa juu kwa kiganja au kijiti, kikawa sawa na mdomo wa chombo. Kibaba cha tele kiliachwa na kilele chake. Kati ya kimoja na kingine mlikuwa na punje za kutosha kumfanya mtu ashibe au asishibe, na bei ilitegemea ni kipi kilichotajwa. Mtoto aliyetumwa dukani aliambiwa aulize kabla ya kutoa pesa, na arudipo nyumbani nafaka ilipimwa tena kwa kibaba cha mama mbele yake. Kama imepungua, alirudishwa. Chuoni nako, katika Juzuu Amma anayoihifadhi kila mtoto wa Kiislamu wa pwani, alikuwa akisoma Sura ya Al-Mutaffifin, inayowakemea wanaopunja vipimo. Huenda maana yake hakuambiwa mpaka alipokuwa mkubwa. Lakini wengi walielezwa na mama zao, na aliyeelezwa alikuwa na mfano wa karibu, naye ni mwenye duka wa mtaa wake.

Vipimo vya urefu vilikuwa mwilini. Shibiri mbili ni mkono mmoja, mikono miwili ni wari, wari mbili ni pima. Pima, basi, ni mikono minne, nayo ni urefu wa mtu aliyenyoosha mikono yake pande mbili. Ukambaa ulioshonwa kuwa mkeka, kamba ya usumba, kitambaa cha kanzu, vyote vilipimwa hivyo. Msichana aliyefunzwa kusuka ukili alijifunza kuhesabu miyaa na kutabiri urefu wa mkeka mzima kutokana na shibiri chache za mwanzo, hesabu ambayo darasani huitwa uwiano na huogopwa. Tena alitambua mapema kwamba mkono wa mrefu na wa mfupi si mmoja, na kwamba katika kununua hupendeza kupimiwa na mrefu.

Namba zenyewe zilikuja kwa njia mbili. Moja mpaka tano, nane na kumi ni za asili ya Kibantu. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Wazee wa pwani walikuwa na mtandatu, mfungate na kenda. Kenda lingalipo vinywani mwa wengi, na mfungate limebaki katika fungate ya maarusi, siku saba ambazo watu huzihesabu bila ya kujua kwamba wanatamka namba ya kale. Watu wa chuo na wa biashara waliongeza edashara na thenashara. Mtoto wa Unguja au Lamu alikua, kwa hivyo, akijua kwamba kiasi kimoja kinaweza kuwa na majina mawili, na ilipokuja zamu ya fedha elimu hiyo ilimfaa sana. Barazani aliwatazama watu wazima wakicheza bao, mashimo 32 na kete 64, nyingi zikiwa komwe, na mchezaji hodari akijua mkono wake utaishia shimo gani kabla ya kuinua kete ya kwanza. Anayetaka kujua mahali Waswahili walipoweka hesabu zao za kichwa na atazame hapo.

Kwa upande wa fedha, karne ya 19 ilikuwa na mkorogano usiokwisha. Riale kubwa ya Maria Theresa, iliyoandikwa mwaka 1780 na kuendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo miaka mingi baada ya malkia huyo kufa, ilikuwa ikipokewa bandari zote. Rupia ya Kihindi iliingia na wafanyabiashara, pamoja na watoto wake: ana 16 katika rupia, pesa 4 katika ana, yaani pesa 64 katika rupia moja. Mwaka 1882 Sayyid Barghash alipiga fedha zake mwenyewe, na pesa yake ya shaba ilichorwa mizani. Riale ilihesabiwa kuwa rupia mbili na ana mbili. Anayetaka kujipima na azidishe: pesa 64 mara mbili ni 128, ana mbili ni pesa 8, jumla pesa 136. Hesabu hiyo, ambayo mwanafunzi wa sekondari ataiandika karatasini, ilikuwa ya kila siku kwa mtoto aliyetumwa kuvunja riale.

Inafaa kuliangalia neno mizani hapo lilipochorwa. Katika visiwa hivi mizani ni chombo cha mwenye duka na pia ni hesabu ya silabi za mshairi, nane katika kipande cha utenzi, 16 katika mshororo wa shairi. Ubeti uliopungukiwa na mizani na kibaba kilichopunjwa vina jina moja la aibu. Watunzi wa tenzi walikuwa na desturi ya kutaja mwishoni idadi ya beti zao na mwaka wa kutunga, kama mtu anayekabidhi mzigo kwa hesabu ili asije akasingiziwa kuongeza au kupunguza.

Mtu angetazamia kuyapata mafunzo ya fedha katika Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo 1858 na mama aliyekuwa mgonjwa, akimuusia binti yake Mwana Hashima aliyekuwa na umri wa miaka 17 hivi. Hayamo. Mna dini, adabu, mume na mapenzi ya watu. Pengine ni kwa sababu mwana wa nyumba kubwa hakutarajiwa kwenda sokoni, na pengine ni kwa sababu mambo ya kibaba na pesa yalikuwa yamekwisha kufunzwa jikoni zamani. Wanaousoma utenzi huo kama kitabu kizima cha malezi ya mwanamke wa pwani wanausomea zaidi ya ulichoahidi.

Jirani wa wakati huo huo anatoa ushahidi mwengine. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na baadaye kujulikana kama Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 jinsi wasichana wa jumba la kifalme walivyofunzwa kusoma bila ya kufunzwa kuandika. Alijifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Baba yake alipofariki mwaka 1856 Salme alikuwa na umri wa miaka 12. Alihesabiwa kuwa mtu mzima, akapewa urithi wake, fedha taslimu pamoja na shamba lenye nyumba. Mtoto wa miaka hiyo akawa na wafanyakazi, mavuno na matumizi. Herufi alizozichora mfupani zilimfaa katika mambo ya siasa ya ndugu zake mwaka 1859, lakini hata bila ya hayo, mwenye shamba asiyeweza kuandika alikuwa mkononi mwa karani wake.

Urithi huo wenyewe uligawanywa kwa kanuni za mirathi, na kanuni hizo zilikuwa darasa la sehemu: nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi, sudusi. Katika nyumba iliyofiwa, mtoto aliyekaa kimya pembeni alisikia kwamba mke ana thumni kama marehemu ameacha watoto na robo kama hakuacha, na kwamba sehemu hutolewa baada ya madeni. Lile la madeni kutangulia lilimkaa rohoni zaidi ya sehemu zote, kwa kuwa aliona vitu vya ndani vikitolewa nje.

Kabla ya mwaka 1897, ulipoondolewa utumwa kisheria Unguja na Pemba, aliyetoka kwenda kuuza na kununua kwa niaba ya mwanamke wa ndani aghalabu alikuwa mtumwa. Baada ya hapo, na katika nyumba ambazo hazikuwahi kuwa na mtumwa hata mmoja, kazi hiyo ilikuwa ya watoto. Mwanamke aliyejistahi hakuonekana sokoni mchana. Alikuwa na chungu, unga wa mchele, nazi, iliki na ujuzi, na alikuwa na mtoto wa kiume au msichana mdogo asiyefikia umri wa kutawa. Vitumbua, maandazi, kashata na visheti vilitoka nyumbani kichwani mwa mtoto vikiwa vimehesabiwa, na pesa zilirudi nyumbani zikihesabiwa.

Biashara hii ilikuwa na kanuni zake, na kanuni hizo zilikuwa kali. Mtaji ulifungwa katika pindo moja la kanga na faida katika pindo jengine. Cha mtaji hakikuguswa hata kwa njaa. Ikiwa vitumbua vilivyotoka ni 40 na vilivyorudi ni sita, mtoto alipaswa kuwa na pesa za 34 wala si za 33. Kimoja alichokula njiani kilihesabiwa katika ujira wake, na kama hakukisema kilihesabiwa katika uongo. Aliyekopesha alitaja jina la aliyemkopesha, siku na kiasi, na mama alilitia kichwani. Kuna kina mama ambao hawakuwahi kushika kalamu na walikuwa na madeni ya mtaa mzima katika kumbukumbu, kila mdeni na kiasi chake. Ni makosa kuliita jambo hili pambo la utamaduni. Mtoto aliyezunguka na sinia alikosa chuo siku nyingine, alipigwa na jua, na pengine alinyang'anywa. Hata hivyo mama asiyekuwa naye hakuwa na mlango wa riziki, na mtoto alilijua hilo. Akifahamu, akiwa na miaka minane, kwamba hesabu yake ikiharibika hapatakuwa na unga kesho.

Sokoni alikutana na hesabu ya namna nyingine, ya kukisia. Samaki wadogo waliuzwa kwa fungu na wakubwa kwa mnada. Mafungu mawili ya bei moja hayalingani, na jicho la mtoto lilifunzwa kuona lililo bora kabla ya muuzaji kuligeuza. Aliporudi na dagaa wengi wenye macho mekundu alifundishwa kwamba wingi si thamani, somo ambalo halikuhitaji namba.

Kuhusu akiba, visiwa vilikuwa na kibubu. Kilikuwa chungu kidogo chenye mwanya, au kopo lililopigiliwa, na siku yake kuu ilikuwa kabla au baada ya Idi. Sikukuu mtoto alipita kwa jamaa akipewa kila pahala kitu kidogo, na jioni akenda viwanjani, Mnazi Mmoja kwa watoto wa mji wa Unguja, akiwa na fedha zilizo zake hasa kwa mara ya pekee katika mwaka. Wazazi wengi waliziacha zitumike zote. Aliyezimaliza siku ya kwanza kwa pembea na ubuyu alikaa siku tatu zilizobaki akiwatazama wenziwe, na hakuna aliyemhurumia. Kina mama nao walikuwa na upatu, na mtoto ndiye aliyepeleka mchango kwa kijumbe na kurudi na habari za zamu ni ya nani. Akajua kwamba fedha iliyotolewa leo inarudi kwa mkupuo, na kwamba anayepokea mwanzo anaaminiwa zaidi kuliko anayepokea mwisho.

Elimu hiyo yote ilikuwa na mpaka wake, na mpaka huo uliwagharimu watu mashamba. Nyumba ilifundisha hesabu ya kitu kilicho mbele ya macho, na mkopo ni hesabu ya wakati ambayo imo katika karatasi ya mtu mwengine. Mchumaji karafuu wa Pemba, aliyelipwa kwa pishi, hakuweza kudanganywa kwa urahisi katika kipimo. Tangu utotoni aliijua pishi, na alijua kwamba karafuu mbichi ikikauka hubaki karibu theluthi ya uzito wake. Mwenye shamba aliyekopa kabla ya msimu alikuwa na hali nyengine. Kwa kuwa riba ni haramu, mkopo ulivaa nguo ya biashara: shamba liliuzwa kwa sharti la kukombolewa kwa muda maalumu, na mkopaji aliendelea kulikaa kwa kulipa kodi. Kodi hiyo ndiyo riba, na muda ndio mtego. Bei ya karafuu iliposhuka, wengi walioweza kugawanya mirathi kwa kichwa hawakuweza kujua wanadaiwa kiasi gani. Madeni yalifikia hadi serikali ya kikoloni ikatoa mwaka 1934 amri za kuzuia mashamba kuhamishwa mikononi mwa wakopeshaji, na ugomvi wa karafuu ulioendelea ukazaa mgomo wa wafanyabiashara wa Kihindi wa 1937 na 1938. Katika simulizi za siasa za Zanzibar mambo hayo huelezwa kama ugomvi wa kabila na kabila. Yalikuwa pia ugomvi wa mtu na karatasi.

Skuli za serikali zilikuja kwa hatua ndogo ndogo, za wavulana mwanzoni mwa karne ya 20 na ya kwanza ya wasichana mwaka 1927. Wasichana walifunzwa maarifa ya nyumbani: kushona, kupika, usafi. Kama kwamba nyumba haina hesabu! Kilichokuwa kigeni kwao na chenye faida kilikuwa kuandika daftari na kusoma hati, na hayo yangewafaa zaidi ya kufunzwa kupika na mtu aliyejifunza kupika Uingereza.

Mwaka 1936 ulileta mtihani mwengine. Tarehe 1 Januari shilingi ya Afrika Mashariki ilichukua nafasi ya rupia, kwa shilingi moja na nusu kila rupia. Ana moja ikawa senti tisa na sehemu tatu za nane ya senti, kiasi kisichopatikana katika sarafu yoyote. Muuzaji aliyekata kwenda senti 10 hakupata hasara. Mombasa walikwisha kuyapitia hayo miaka 15 kabla, mwaka 1921, ila kwao rupia ilikuwa shilingi mbili kamili. Tofauti hiyo inaeleza jambo dogo la lugha. Thumuni, sehemu ya nane ya riale, ni pesa 17; kwa hesabu ya Mombasa pesa 17 ni senti 53 hivi, na kwa hiyo jina likaishukia senti 50 bila ya taabu. Kwa hesabu ya Unguja ni senti 40. Na bado Unguja nako nusu shilingi iliitwa thumuni. Jina lilivuka bahari likaipuuza hesabu. Vivyo hivyo dala likawa shilingi tano, na kutoka dala likatoka daladala. Hela ikatoka kwa Wajerumani wa bara, waliogawa rupia yao katika hela 100 tangu mwaka 1904. Mtoto wa pwani anayesema pesa, hela na fedha kwa pumzi moja anataja dola tatu bila ya kujua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Zanzibar ilipokuwa ikigawa mchele, unga na sukari kwa mgao, watoto walisimama foleni wakiwa na hesabu ya vichwa vya nyumba zao. Wakati huo kilichotakiwa kilikuwa kugawanya kidogo kwa siku nyingi. Waliokua katika miaka hiyo hutambulika hata uzeeni kwa namna wanavyosawazisha kikombe cha sukari kwa ubapa wa kisu.

Baadaye kidogo ikaja simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na fedha za nyumbani zikaanza kupita bila ya kuonekana. Mtoto anayetumwa dukani huenda sasa asipewe kitu mkononi. Mama amekwisha kulipa. Kuna mafunzo mapya katika jambo hilo, ya namba ya siri, ya makato ya kutuma na kutoa, na watoto wengi huyajua makato hayo kuliko wazazi wao. Lakini baki haipo. Hakuna sarafu ya kuhesabiwa mara mbili mezani na mtoto amesimama, akisubiri kuambiwa kwamba zimetimia.

Pishi imebaki na siku moja. Jioni ya mwisho ya Ramadhani, katika nyumba za Unguja, Pemba na Lamu, hutolewa zaka ya fitri, pishi moja ya chakula kwa kila nafsi, na mkubwa kwa mdogo ni sawa. Mizani ya dukani huihesabu kuwa kilo mbili na nusu hivi. Watoto ndio wanaotumwa kuhesabu watu wa nyumba, na kila mwaka pana mmoja anayerudi na jawabu pungufu kwa sababu amejisahau mwenyewe, au amemwacha mchanga aliyezaliwa juzi, akidhani kwamba asiyekula wali hahesabiwi.